SOMO LA WANACHAMA: MISINGI YA MDAHALO



Matawi yetu hayana upungufu wa wasemaji. Wakati wa mapumziko, penye mizani ya majani au nje ya lango la kiwanda, yuko ndugu anayeweza kusema nusu saa nzima na watu wakamshangilia. Lakini mpelekeni ndugu huyo huyo mbele ya meneja na mwanasheria wake, apewe dakika saba, kisha aulizwe, “Tarakimu hiyo umeitoa wapi?” Mara nyingi hapo ndipo maneno hukatika. Si kwamba hana haki. Amezoea kusema mbele ya watu wanaomkubali, hajazoea kusema kwa mpango na kujibiwa papo hapo. Mdahalo wa kanuni ni mazoezi ya kazi hiyo, na gharama yake ni karatasi, kalamu na saa moja yenye mshale wa sekunde.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba mdahalo si mapatano. Katika mapatano na mwajiri unataka yule aliye mbele yako akubali, kwa hiyo unatoa na kupokea. Katika mdahalo mpinzani wako hatakubali kamwe, wala si kazi yake kukubali. Unayemshawishi ni mtu wa tatu, yaani mwamuzi aliyekaa kimya na karatasi yake. Tena upande wako hauchagui, hupangwa kwa kurusha shilingi. Huenda ukapangiwa kusema usiyoyaamini. Wako wanachama wanaochukizwa na jambo hili: “Mimi mchumaji chai nisimame kumtetea tajiri?” Ndiyo, simama. Aliyejaribu kwa bidii kuzijenga hoja za mwajiri mbele ya wenzake hatashtuka atakapozisikia mezani, na pengine atakuwa amekwisha kuona zinavuja wapi.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe. “Mishahara” si hoja, ni habari tu. Hoja ni sentensi moja ambayo mtu anaweza kuikubali au kuikataa. Kwa somo hili tutumie hii: “Kikao hiki kinaona kwamba sheria iweke kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wote wa Uganda.” Wanaoiunga mkono huitwa watetezi, wanaoipinga huitwa wapinzani. Watetezi ndio wanaotaka mabadiliko, kwa hiyo mzigo wa kwanza wa kuthibitisha ni wao. Mpinzani akikaa kimya kabisa, mtetezi bado anatakiwa aonyeshe kwa nini hali isibaki ilivyo.

Kwa tawi linaloanza, wasemaji watatu kila upande wanatosha. Msemaji wa kwanza na wa pili wapewe dakika 7 kila mmoja, wa tatu dakika 5. Pande mbili zikichanganywa ni dakika 38, na mkutano wa saa moja bado una nafasi ya uamuzi. Wanaposhindana wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia nzima, mashindano yaliyoanza Glasgow mwaka 1981, mpango ni mwingine: vikundi vinne vya watu wawili wawili, viwili kila upande, kila msemaji dakika 7, na hoja hutangazwa dakika 15 tu kabla ya kuanza. Kikundi cha pili cha upande mmoja hakiruhusiwi kurudia yaliyosemwa na wenzao wala kuwapinga, lazima kilete jambo jipya. Ni mpango mgumu, na tawi lisiuharakie.

Kazi ya mtetezi wa kwanza ni kufafanua maneno ya hoja. Hapa wengi hupita mbio, na hapa ndipo midahalo mingi huharibika. “Kima cha chini” ni kimoja kwa nchi nzima, au kila sekta na chake, kama zifanyavyo amri za mishahara za Kenya na Tanzania? Mfanyakazi wa nyumbani yumo? Na mchumaji anayelipwa kwa kilo je? Ukisema kima ni cha mwezi ukanyamaza, umewaacha nje maelfu ya watu ambao mshahara wao hupimwa kwenye mizani. Mpinzani mwangalifu atakushika hapo hapo: “Sheria yenu haimgusi hata yule mliyeanza kwa kumlilia.” Basi mtetezi aseme wazi kwamba malipo ya kilo yakijumlishwa, kwa siku ya kazi ya kawaida, yasiwe chini ya kima hicho. Lakini ufafanuzi uwe wa haki pia. Asitokee mtu akasema kwamba kima cha chini maana yake ni shilingi moja, ili asipate wa kumpinga. Mwamuzi atamhesabia hiyo kuwa hila.

Baada ya ufafanuzi hufuata kujenga hoja. Hoja nzima ina dai, sababu, ushahidi na uzito. Wengi wetu tuna dai, na sauti kubwa mahali pa sababu. “Mishahara ni midogo mno!” Hilo ni dai. Sababu ni hii: mchumaji mmoja mmoja hawezi kupatana sawasawa na kampuni, kwa kuwa shamba linaweza kungoja wiki mbili lakini watoto wake hawawezi kungoja siku mbili, kwa hiyo bei ya kazi hufuata shida ya yule dhaifu. Sheria inapoweka sakafu, shida haiwezi tena kushusha bei chini ya hapo. Hapo mwamuzi ameona njia ya kutoka kwenye dai hadi kwenye sheria. Kisha uzito: ni watu gani wanaoguswa, na kwa nini jambo lao lipewe nafasi mbele ya mengine yatakayosemwa na wapinzani?

Kuhusu ushahidi nataka tukae kidogo, maana hapa kuna mtego nilioupenda. Mwaka 1984 Uganda iliweka kima cha chini cha Sh. 6,000 kwa mwezi. Miaka 35 baadaye, mwezi Februari 2019, Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini cha mshahara, lakini Rais alikataa kuutia sahihi. Mtetezi anaweza kusimama na kusema kwa uchungu: “Elfu sita! Haimlishi mtu hata siku moja!” Wasikilizaji watapiga makofi. Ndipo mpinzani ainuke: “Taarifa! Elfu sita hizo ni za pesa ya zamani au mpya?” Mwezi Mei 1987 Serikali ilibadilisha pesa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake ikakatwa kodi ya asilimia 30 katika kubadilisha. Msemaji asiyejua hili hugugumia, na mwamuzi huanza kuutilia shaka ushahidi wake wote. Kumbe jibu lenyewe lingemsaidia! Ukizihesabu kwa pesa mpya, elfu sita za 1984 ni shilingi 60 tu. Alikuwa na silaha kali kuliko aliyoishika, akaipoteza kwa kutojua tarakimu yake imezaliwa wapi. Kwa hiyo kila tarakimu iandikwe na mwaka wake, na aliyeitoa, na kipimo chake.

Kujibu ni nusu ya mdahalo. Asiyejibu hata akisema maneno ya dhahabu ametoa hotuba tu. Wakati mwenzako anasema, kunja karatasi katikati: kushoto andika alichosema kwa maneno machache, kulia andika jibu lako. Usijibu kila kitu. Tafuta nguzo inayobeba nyumba na uisukume hiyo, nguo zilizoanikwa nje ziache.

Katika hoja yetu nguzo ya wapinzani huwa moja: mshahara ukipanda kwa sheria, mwajiri atapunguza watu au ataleta mashine. Hili si jambo la kuchekwa. Huko Kenya wafanyakazi wa mashamba ya chai waligoma mwaka 2010 juu ya mashine za kuchumia, na mwezi Mei 2023 mashine zilichomwa moto Kericho. Mtetezi ana njia kadhaa mbele yake. Anaweza kusema si kweli, lakini hapa itakuwa vigumu. Anaweza kusema ni kweli ila haitokani na kima cha chini: ikiwa mashine moja inachuma kuliko mikono mingi, mwajiri ataitamani hata kwa mshahara wa leo, na kumlipa mtu kidogo hakuizuii, kunaichelewesha tu. Anaweza pia kukubali kwamba nafasi fulani zitapotea, kisha akapima: waliobaki kwa mshahara wa kuishi, dhidi ya wote kubaki kwa mshahara wa njaa. Mimi naona njia ya pili ina nguvu zaidi. Ya tatu ni ya hatari mbele ya wasikilizaji ambao huenda ndio watakaopoteza nafasi hizo, na wapinzani hawataacha kumwuliza mtetezi: “Ni nani kati ya hawa uliyemchagua aende nyumbani?”

Neno “taarifa” nimelitumia juu. Ni desturi ya mabunge. Mtu wa upande wa pili husimama na kusema “Taarifa!”, na msemaji ana hiari ya kumpokea au kumkatalia. Katika hotuba ya dakika 7, dakika ya kwanza na ya mwisho zimelindwa, na mtunza saa agonge meza mara moja zinapofunguliwa na kufungwa. Taarifa isizidi sekunde 15. Ukikataa zote utaonekana mwoga, ukikubali zote hutasema lako. Pokea moja au mbili, tena baada ya kumaliza sentensi yako. Msemaji wa mwisho wa kila upande haleti hoja mpya, kwa kuwa hakuna atakayepata nafasi ya kuijibu.

Mwamuzi naye ana kanuni zake. Asiangalie yeye mwenyewe anaamini nini, aangalie lililothibitishwa mbele yake. Matusi na maneno kama “huyu ni mtu wa kampuni” yasipate alama. Hasa katika sehemu zetu, ambako mmoja amejifunza Kiswahili Busia, mwingine Goma na mwingine jeshini, asimkate mtu alama kwa ngeli. Hoja iliyonyooka katika Kiswahili kilichopinda bado imenyooka.

Wenzetu waliwahi kulitumia jambo hili. Katika mji wa Marshall, Texas, nchini Marekani, mwalimu Melvin Tolson alifundisha mdahalo katika chuo kidogo cha watu weusi, Wiley College, na pembeni alisaidia kuwaunganisha wakulima maskini wa nusu kwa nusu. Mwaka 1935 kikundi chake kilishinda mdahalo dhidi ya chuo kikuu cha Southern California, waliokuwa mabingwa wa nchi. Mmoja wa wanafunzi wake wa miaka hiyo, James Farmer, alikuwa baadaye, mwaka 1942, miongoni mwa walioanzisha chama cha CORE cha kupigania usawa wa watu weusi.

ZOEZI LA TAWI. Chagueni wasemaji sita, mwenyekiti, mtunza saa na waamuzi watatu, maana idadi isiyogawanyika haileti sare. Tumieni hoja ya kima cha chini iliyo hapo juu. Rusheni shilingi siku tatu kabla, ili kila upande upate muda wa kutafuta tarakimu zake. Baada ya uamuzi, kila mwamuzi aeleze kwa maneno matatu au manne ni hoja ipi iliyomgeuza, na ipi haikujibiwa. Wiki ifuatayo rudieni hoja ile ile, pande zikiwa zimebadilishana.