Kuongeza Kasi ya Prosesa Bila Kuiunguza

Ukiwa Magamba, hapa Mpanda, unahariri video za harusi au unacheza gemu kwenye kompyuta ya mezani, huenda umeshasikia kwamba prosesa inaweza kukimbizwa kuliko ilivyotoka kiwandani, bila kununua nyingine. Ni kweli. Mafundi wanaita kuovakloki. Ila maelekezo mengi yaliyopo mtandaoni yameandikwa na watu wenye vyumba vya baridi na umeme usioyumba. Kwetu Mpanda, joto la Septemba na Oktoba, vumbi la kiangazi na umeme wenyewe ndivyo vinavyoamua uishie wapi.

1. Jua kama mashine yako inakubali

Pakua CPU-Z, programu ya bure, usome jina la prosesa na la madabodi. Kwa Intel, tafuta herufi K mwishoni mwa jina, kama i5-6600K, na madabodi ya daraja la Z, mfano Z170. i5-6500 haikubali. Kwa AMD, Ryzen nyingi za mezani ziko wazi, lakini madabodi za A320 na A520 hazina ruhusa hiyo. B450 na B550 zinayo.

Kama yako ni mtumba wa ofisini, Dell OptiPlex au HP ya aina hiyo, mara nyingi njia imefungwa. Usihangaike nayo, ruka hadi sehemu ya mwisho.

2. Anza na vumbi, si na kasi

Zima, chomoa waya, fungua kifuniko. Puliza vumbi kwenye feni na mapezi ya kipozeo, huku umeshika feni isizunguke. Kama pesti iliyo kati ya prosesa na kipozeo imekauka, ifute kwa spiriti na kitambaa laini, kisha weka mpya kiasi cha punje ya mchele hadi ya njegere. Kipozeo kidogo kilichokuja na prosesa hakitoshi kwa kazi hii. Tafuta kikubwa zaidi.

Kisha washa HWiNFO, programu ya kusoma joto, ipe mashine kazi nzito kwa nusu saa, uandike joto la juu kabisa. Likipita nyuzi 80 kabla hujagusa chochote, tatizo lako ni upoozaji. Litatue hilo kwanza.

3. Weka umeme sawa

Kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya Gridi ya Taifa, na wenye kompyuta wanajua kukatika kwa umeme. Stabilaiza inasaidia umeme ukiyumba, lakini haizuii mashine kuzima. Kwa hilo unahitaji UPS. Kamwe usisasishe BIOS, yaani programu ya madabodi yenye mipangilio ya mashine, bila UPS, maana umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza isiwake tena. Angalia pia pawa saplai: ya bei chee isiyo na jina ndiyo ya kwanza kushindwa mzigo ukiongezeka.

4. Panda kidogo kidogo

Kasi ya prosesa ni kasi ya msingi, kwa kawaida megahezi 100, mara kizidishi. Kizidishi 39 ni gigahezi 3.9. Kasi ya msingi iache ilivyo. Ingia BIOS, piga picha ukurasa wa mipangilio kwa simu, kisha ongeza kizidishi kwa 1 tu. Washa, jaribu kwa Cinebench au OCCT, angalia joto. Ikikaa sawa, ongeza 1 tena.

Ikianza kuganda au kuleta skrini ya bluu, una njia mbili: rudi hatua moja, au ongeza volti kidogo, kama 0.02. Usiiachie madabodi ijichagulie volti, kwani mara nyingi hupitiliza. Anayeanza asizidi volti 1.30. Wenye Ryzen, anzeni na PBO iliyomo ndani ya BIOS. Inaongeza kasi ikiangalia joto yenyewe.

Volti ndiyo ya kuogopwa. Matumizi ya umeme hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Itoe prosesa gigahezi 4.0 kwa volti 1.20, uipeleke 4.4 kwa volti 1.30: kasi imeongezeka asilimia 10, umeme na joto lake takriban asilimia 29. Mwenda pole hajikwai.

5. Jaribio la mwisho lifanye saa nane mchana

Kipozeo hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Mashine iliyofika nyuzi 76 usiku chumba kikiwa na 24, itakaribia 86 mchana chini ya bati, chumba kikiwa na 34. Kwa hiyo mtihani wa usiku unadanganya. Iendeshe saa mbili mfululizo mchana wa jua kali. Ikibaki chini ya nyuzi 85 bila kuganda, umefaulu.

6. Ikigoma kuwaka

Usiogope. Chomoa waya, toa betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi, subiri dakika tano, irudishe. Mipangilio itarudi ya kiwandani.

Kabla hujaanza

Hifadhi kazi za wateja kwenye diski nyingine, na ujue kwamba waranti inaweza kukataliwa. Kisha jiulize kinachochelewesha mashine ni nini hasa. Ikiwa bado inatumia diski ya kuzunguka, au ina RAM ya GB 4, weka SSD na uongeze RAM kwanza. Utaona tofauti siku hiyo hiyo, na prosesa haitaongezewa joto hata nyuzi moja.