Dondoo muhimu: Kibali cha kazi ya likizo, California

Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Texas haidai kibali. California inakidai kwa karibu kila kijana aliye chini ya miaka 18 ambaye hajamaliza sekondari, hata shule zikiwa zimefungwa.

Tafuta kazi kwanza. Kibali hakitolewi kwa nia tu. Ukishakubaliwa, chukua fomu B1-1: kuna sehemu yako, ya mwajiri na ya mzazi au mlezi. Mwajiri aandike kazi yenyewe na saa zake waziwazi, maana "msaidizi" peke yake huzua maswali. Ipeleke shuleni kabla ofisi hazijafungwa. Ukichelewa, ulizia ofisi ya elimu ya wilaya.

Usianze kazi kabla ya kupewa kibali. Ukihamia kwa mwajiri mwingine, omba kipya.

Wa miaka 14 na 15, wakati wa likizo, mwisho ni saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki. Bosi akikuweka kwenye mashine ya kukatia nyama, kataa: sheria ya taifa inamkataza yeyote aliye chini ya miaka 18 kuitumia.

Wazazi mliohamia, hapa wengi huchanganya: karatasi ya shule haimpi mtoto ruhusa ya uhamiaji. Mwajiri bado atajaza fomu I-9 na kudai nyaraka za kuthibitisha haki ya kufanya kazi nchini. Wakimbizi waliopokelewa rasmi wanayo haki hiyo. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi huhitaji kwanza kadi ya ruhusa ya kazi.