Kompyuta ina mbio, mbona haifiki?

Leo tufungue boksi la kompyuta tuone ndani, maana kutojua kwangu kulinigharimu.

Mwaka 2004, nikiwa nimepanga chumba hapa Shaw, nilitoa mshahara wangu wa mwezi wa kazi ya maktaba nikanunua kompyuta iliyotumika, nimpelekee mdogo wangu Tanga afungue kibanda cha kuchapa barua. Niliangalia kitu kimoja tu: gigahezi. Baada ya wiki dogo akaniandikia: "Kaka, hii ni kobe. Wateja wanakimbia."

Kosa lilikuwa wapi? Prosesa ndiyo inayohesabu, lakini mzigo wa data unakaa kwenye kumbukumbu, yaani RAM. Kati yao, kwenye ubaomama, zinapita njia nyembamba za shaba ziitwazo basi. Ziko makundi matatu:

1. Njia za anwani: prosesa inataja chumba inachokitaka.
2. Njia za udhibiti: inasema "soma" au "andika".
3. Njia za data: zinabeba mzigo wenyewe.

Saa ya umeme inapiga mapigo, kama taa pale 7th Street inapokutana na Florida Avenue: hasogei mtu mpaka ziruhusu.

Chukua IBM PC ya 1981. Prosesa yake, Intel 8088, ilipiga mapigo kama milioni 4.77 kwa sekunde. Ilikuwa na njia 20 za anwani, kwa hiyo ilifikia vyumba 1,048,576 (2 ishirini zikizidishwa pamoja). Ndani ilihesabu biti 16, lakini njia za data zilikuwa 8 tu. Namba moja ya biti 16, safari mbili! Mbio za ndani zinasubiri njia ya nje. Mhandisi Mmarekani Mweusi, Mark Dean, pamoja na Dennis Moeller, walisaidia kubuni mfumo wa basi wa kuunganishia vifaa kwenye kompyuta za IBM.

Sasa ile yangu. RAM ilikuwa megabaiti 128. Ikijaa, kompyuta inakopa nafasi kwenye diski. RAM hujibu kwa sehemu za bilioni za sekunde. Diski ya kuzunguka, kwa sehemu za elfu. Prosesa ilikuwa kama abiria aliyevaa viatu vya mbio, kasimama stesheni ya Shaw–Howard University akingoja treni!

Nilimpa msafiri kijiti cha RAM cha megabaiti 512, cha aina inayoingia kwenye ubao ule. Dogo akakichomeka mwenyewe, na kibanda kikasimama.

Siku hizi kidhibiti cha RAM kimehamia ndani ya prosesa, na PCI Express imechukua nafasi ya mabasi ya zamani. Kanuni ni ileile. Kabla ya kutuma kompyuta nyumbani, jamani, ulizeni: RAM kiasi gani? Diski ya aina gani? Pawasapulai inakubali volti 230?

Gigahezi ziwe swali la mwisho. Masomo mema!