SOMO: BUTONI YA KUZUNGUSHA NA KOMPYUTA NDOGO

Sisi wote tunajua butoni ya sauti kwenye redio ya zamani. Unazungusha, sauti inapanda. Unafika mwisho, inakataa. Leo tutasoma juu ya butoni ya aina ingine, ile isiyo na mwisho, na namna programu inavyoisoma. Tutatumia Raspberry Pi Pico, kompyuta ndogo iliyotoka Uingereza mwaka 2021 kwa bei ya dola 4.

Tuseme tunatengeneza mashini ya kuangulia mayai ya kuku. Inapashwa kukaa karibu na digrii 37,5 kwa muda wa siku 21. Kila mlio mmoja wa butoni, yaani «tik», tunataka ubadilishe digrii 0,1 tu. Kama programu inahesabu vibaya, tik moja inaweza kuwa digrii nzima, na vifaranga vitafia ndani ya yai. Basi hesabu hii si mchezo.

1. Ndani ya butoni

Butoni ya redio ya zamani inabadilisha volti polepole. Butoni yetu haifanyi hivyo. Ndani iko na vigusio viwili, A na B, vinavyofunga na kufungua kwa zamu. Kigusio kikifunguka Pico inasoma 1. Kikifunga inasoma 0.

Kwa nini viwili? Tufikiri barabara ya Butembo kwenda Beni. Mtu akikaa Maboya peke yake na kuandika tu «gari limepita», hatajua linakwenda upande gani. Lakini tukiweka mwingine Kabasha, mambo ni wazi: gari likionekana kwanza Maboya, kiisha Kabasha, linakwenda Beni, likianza Kabasha, linakwenda Butembo. A ni Maboya, B ni Kabasha.

Tukizungusha kuume, tukiandika A kwanza, tutaona: 11, 01, 00, 10, 11. Kushoto: 11, 10, 00, 01, 11. Kwa butoni nyingi safari hiyo nzima, hatua nne, ni tik moja.

2. Kufunga waya

Mguu wa katikati unakwenda kwa GND. A inakwenda kwa pini GP14, B kwa GP15. Katika programu tunawasha vizuizi vya ndani vya Pico, ili pini isome 1 wakati kigusio kiko wazi.

Angalisho: kama butoni yako imekaa juu ya kibao chenye alama +, uifunge kwa volti 3,3, hapana kwa volti 5. Pini za Pico hazikubali volti 5, zinaweza kuungua. Na kompyuta ikiungua hapa kwetu, ingine itapashwa kusafiri tena mpaka kupita Kasindi. Uangalie mara mbili mbele ya kutia moto.

3. Programu

Kigusio cha chuma hakifungi mara moja. Kinaruka-ruka kwa milisekunde chache, sawa mpira uliodondoka. Programu inayohesabu kila mara A inaposhuka itadanganywa: tik moja, hesabu tano. Dawa ni hii:

a) Soma A na B, linganisha na hali ya nyuma.
b) Hali ikiendelea hatua moja kuume, ongeza 1.
c) Ikirudi hatua moja kushoto, toa 1.
d) Vigusio vyote viwili vikibadilika kwa mara moja (kwa mfano 11 kuwa 00), usihesabu kitu.
e) Hesabu ikifika 4, ongeza digrii 0,1, ikifika -4, punguza. Kiisha anza tena na 0.

Kuruka-ruka kunajifuta kwenyewe: mbele 1, nyuma 1, mbele 1, jumla ni 1. Ni kama mtu anayepanda ngazi moja, anashuka, anapanda tena. Bado yuko ngazi ya kwanza.

4. Usilale

Butoni ya tik 20 ikizungushwa mara moja kwa sekunde inaleta hali 80, yaani moja kila milisekunde 12,5 kwa wastani. Programu ikisoma kila milisekunde 1, ni vizuri. Ikilala nusu sekunde ili kungojea kipimo cha joto, hali 40 zitapita bila kuonekana. Mlinzi wa Maboya amesinzia, gari limekwenda.

Tena, butoni hii haina kumbukumbu. Moto ikikatika, hesabu inapotea. Kwa hiyo programu iandike digrii katika faili kila inapobadilika, na isikubali kamwe chini ya 36 wala juu ya 38,5, hata mtoto akizungusha siku nzima.

Maswali ya kujipima

1. Tumesoma 11, 10, 11, 10, 00, 01, 11. Ni tik ngapi, na upande gani?
2. Tukibadilishana waya za A na B, nini itatokea?
3. Kwa nini butoni ya redio ya zamani haisahau mahali pake moto ikikatika?

Mjaribu kwanza kwa kalamu na karatasi. Pico itangoja.