Mawe Yaliyotoka Mbinguni

Hapo zamani wakulima wa Ulaya waliposema kwamba wameona mawe yakianguka kutoka mbinguni, wataalamu wengi waliwacheka. Walidhani kwamba hizo ni hadithi za watu wasiosoma. Mwaka 1794 Ernst Chladni, mtaalamu wa Ujerumani, alitoa kitabu akieleza kwamba vitu hivyo hutoka nje ya dunia, lakini wengi hawakumsadiki.

Tarehe 26 Aprili 1803, yapata saa saba mchana, mbingu zilikuwa safi katika Normandy, nchi ya Ufaransa. Ghafla watu wa miji mingi waliona mpira wa moto ukipita angani upesi sana. Karibu na mji wa L'Aigle ulisikika mshindo kama wa mizinga, ukafuatwa na ngurumo kwa muda wa dakika tano au sita. Ndipo mawe mengi yakaanguka mashambani.

Serikali ikamtuma Jean-Baptiste Biot, mtaalamu mwenye umri wa miaka 29, akachunguze jambo hilo. Biot hakuanza L'Aigle kwenyewe. Alianza mbali, akapita mji kwa mji na kijiji kwa kijiji, akiwauliza watu wa kila hali. Wengi wao hawakujuana, lakini maneno yao yalipatana.

Kisha akayatazama mawe yenyewe. Yote yalifanana: nje meusi kama yaliyoungua, ndani ya kijivu. Hayakuwa kama mawe ya nchi ile, wala kama mavi ya chuma yatokayo katika matanuri. Yalikuwa yametapakaa mahali penye urefu wa kilometa 10 hivi na upana wa kilometa 4. Akakadiria kwamba yalipata 2,000 au 3,000. Kubwa kuliko yote lilizidi kilo 8.

Mwezi wa Julai Biot aliwasomea wataalamu wa Paris habari zake, na tangu hapo wengi wakasadiki. Leo twajua kwamba vimondo ni vipande vya miamba izungukayo jua. Kipande kiingiapo katika hewa ya dunia kwa mwendo mkali, huungua kwa nje na mara nyingi huvunjika.

Basi, wakulima wale walikuwa wamesema kweli. Naye Biot aliijua kweli yao kwa sababu alikwenda, akauliza, akapima.

Maswali
1. Kwa nini wataalamu hawakuwasadiki wakulima?
2. Kwa nini Biot alianza kuuliza mbali na L'Aigle?
3. Mawe yale yalikuwaje nje na ndani?