Ngozi Ikiwasha Kando ya Stoma, Kagua Kibandiko Kwanza

Ngozi inayozunguka stoma, lile tundu la haja lililofunguliwa tumboni, inapaswa kufanana na ngozi ya upande wa pili wa tumbo. Ikiwasha, ikiuma au ikichubuka na kutoa majimaji, usiizoee eti ndivyo ilivyo baada ya upasuaji. Kwa ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tazama palipo na rangi nzito zaidi au panapong'aa kwa unyevu.

Mara nyingi kinyesi au mkojo umepenya chini ya kibandiko cha mfuko. Mwenye ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba, huumia upesi zaidi, maana uchafu wa huko bado una vimeng'enya vya kusaga chakula, navyo havibagui ngozi.

Basi kabla ya kukimbilia duka la dawa, bandua kibandiko polepole huku umeishikilia ngozi, kisha kigeuze. Gundi ilipoyeyuka ndipo panapovuja. Huenda tundu unalokata ni kubwa mno: stoma husinyaa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, ilhali wengi hukata kwa kipimo kilekile walichopewa wodini. Pima upya. Pengo kati ya stoma na kibandiko lisizidi milimita 2 au 3.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, ukaushe kabisa. Spiriti, dawa za kuua viini na sabuni ya manukato viache. Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, ni kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mafuta ya kukamulia hayakosi nyumbani. Watu huyapaka hata midomo na visigino vilivyopasuka. Hapa yaweke kando. Gundi haishiki penye mafuta, uchafu hupenya tena, na ngozi huzidi kuharibika. Iliyochubuka inyunyizie poda ya stoma kidogo, pangusa inayobaki, ndipo ubandike. Asubuhi za baridi za Julai, kipashe kibandiko joto kwapani dakika chache, na ukishakibandika kikandamize kwa kiganja.

Asiye na mfuko ana habari tofauti. Mifuko ni ghali, na wapo wanaofunga kitambaa au karatasi ya plastiki. Kwa kuwa hakuna gundi ya kushika, krimu ya zinki au mafuta mazito ndiyo kinga yao, na kitambaa kibadilishwe kila kinapolowa.

Mwenye mfuko aumwage ukifika theluthi hadi nusu, kabla uzito haujavuta kibandiko. Msimu wa kuchuma kahawa, chombo kinachofungwa kiunoni husugua palepale penye stoma. Afadhali kining'inie begani.

Vipele vidogo vinavyowasha na kutapakaa huenda ni fangasi, na dawa yake iwe ya poda, kwa sababu ileile kwamba gundi haishiki penye mafuta. Muwasho wenye umbo kamili la kibandiko huashiria mzio. Omba aina nyingine.

Vidonda visivyopona vipeleke hospitali ya Mukurweini au ile ya rufaa ya Kaunti ya Nyeri. Stoma ikigeuka zambarau au nyeusi, damu isipokoma, au haja ikikatika huku tumbo likiuma na unatapika, nenda siku hiyohiyo. Beba kibandiko kipya na mfuko wake, kwani muuguzi atalazimika kubandua ulichovaa ili aione ngozi, na huenda wodi haina cha kukupa.