Pima Neno Zima, Si Herufi

Likizo hii nyumbani Litapunga nilitengeneza kwa JavaScript kadi za kufundishia Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Neno la kwanza: چاي, yaani chai. Hiyo che ya nukta tatu ni herufi ya Kiajemi.

Nilipima herufi mojamoja nikajumlisha. Boksi likawa pana kuliko neno. Kumbe che ikianza neno hushikana na alifu, umbo lake linafupika. Basi ndugu msomaji, ipe measureText neno zima.

Kimo nacho nilikikisia, nukta za che zikakatwa. Bila nukta, che ni ha: chai inasomeka hai! Jumlisha actualBoundingBoxAscent na actualBoundingBoxDescent, ndipo uchore boksi. Tusimfundishe mtoto neno lisilo lenyewe.